SEHEMU YA 7: Bahasha ya wifi, kabla ya kwenda kwa wakili

Wiki iliyopita wengi mliniandikia mkiuliza, "Sista, nimeshapona kidonda, mguu bado haufanyi kazi, gari iliyonigonga inajulikana. Naanzia wapi?" Wengine mliuliza kuhusu mama zenu, wengine waume zenu wanaoendesha bodaboda. Niliahidi kwamba leo nitaandika kuhusu siku ile ya kwanza ya kukaa mbele ya wakili, na hasa kuhusu siku kumi kabla yake, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mimi si mwanasheria, ni muuguzi. Nimekaa wodi ya mifupa miaka ya kutosha kuona jambo moja likijirudia: mgonjwa anatoka na vyuma mguuni, na mfuko wa nailoni umejaa makaratasi. Miezi mitatu baadaye makaratasi hayo yamefungiwa sukari. Mguu unauma, ushahidi haupo. Ukikaa huku kwetu Mbagala, Charambe, Chamazi, au upande wa pili kule Tegeta na Bunju, unajua ajali ni kitu cha kila wiki. Kufungua madai ni kitu cha mmoja kati ya wengi, na nadhani sababu kubwa si uvivu. Watu hawajui wabebe nini, na wanaogopa kuonekana wajinga mbele ya mtu mwenye tai.

Sasa nitaeleza kupitia wifi yangu, mke wa kaka yangu. Ameniruhusu, ila jina nisitaje.

Wifi anauza chapati na maharage asubuhi, karibu na kituo cha daladala barabara ya Kilwa. Miezi minne iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa amebeba ndoo ya unga uliokandwa, aligongwa na kirikuu ya kusambaza bidhaa madukani. Mfupa wa paja ulivunjika. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma ndani, akalala wodini siku kumi na tisa. Anatembea na magongo. Jiko lake limekaa nyuma ya mlango, na watoto watatu wanasoma.

Mwenye gari alikuja mara mbili. Mara ya kwanza na matunda, mara ya pili na laki sita, pamoja na karatasi iliyochapwa yenye sehemu ya kuweka dole gumba. Kaka akaniita sebuleni. "Dada, tuyamalize tu. Kwanza mwenyewe ni mtu mzima, kaja kwa heshima." Mjomba wetu naye akasema mambo ya mahakamani yanamaliza watu.

Nikaomba nisome ile karatasi kwa sauti. Ilisema kwamba wifi amepokea malipo kamili na ya mwisho, na hatadai tena chochote kwa mwenye gari wala kwa kampuni ya bima, sasa na hata baadaye. Wote tukanyamaza. Maana daktari alikuwa ameshatuambia kuna uwezekano wa kurudi chumba cha upasuaji kama mfupa hautashika vizuri. Laki sita isingetosha hata hiyo safari ya pili. Wifi mwenyewe, ambaye hakuwa amesema neno tangu mgeni aingie, akasema, "Mi sisaini kitu ambacho sijamuuliza mtu." Basi ndiyo ikawa hivyo. Mzee akaondoka na hela yake, kwa amani tu.

Ukipewa karatasi kama hiyo, usiweke dole. Kupokea pole si kosa, matunda kula. Lakini karatasi ya "malipo ya mwisho" isomwe kwanza na mtu anayejua sheria.

Tukapata miadi na wakili, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku kumi. Nikanunua bahasha kubwa ya kaki na daftari la kurasa 96, tukaanza.

Karatasi za polisi. Kwanza PF3. Hii ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kuonyesha majeraha, na inatolewa bure. Ikitokea dharura, majeruhi anatibiwa kwanza, PF3 inafuata, kwa hiyo ndugu mmoja aende kituoni wakati wengine wako na mgonjwa. Ya wifi ilikuwepo, ila sehemu ya daktari ilikuwa na mstari mmoja tu, ulioandikwa usiku ule wa kwanza kabla picha hazijasomwa. Hilo si ajabu. Tuliirudisha kliniki, daktari aliyemfanyia upasuaji akatoa ripoti tofauti inayoeleza mfupa gani, upasuaji gani, chuma gani, na hali ya mguu leo. Ripoti ya siku ya kwanza inaonyesha alivyoumia. Ya mwezi wa nne inaonyesha kilichobaki. Wakili atahitaji zote mbili.

Pamoja na PF3 tukaandika namba ya RB, jina la kituo, na jina la askari wa trafiki aliyepima eneo. Polisi huwa na ramani ya tukio na taarifa ya ukaguzi wa gari. Hizo wakili anajua namna ya kuziomba, wewe mpe namba tu.

Hapa kaka alikuwa na swali ambalo hata nyie mmeniuliza sana: "Si dereva ameshapelekwa mahakamani? Si ndo kesi yetu hiyo?" Hapana. Ile ya Sheria ya Usalama Barabarani ni kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva. Anaweza kupigwa faini, faini ikaenda serikalini, wewe ukabaki na magongo yako. Mahakama inaweza kuamuru alipe fidia, lakini usikae ukisubiri hilo peke yake. Madai ya fidia ni kesi nyingine, unaifungua wewe. Ila hukumu ya ile ya trafiki inasaidia, kwa hiyo andika namba yake.

Gari na bima. Kijana mmoja wa bodaboda, Mungu ambariki, alipiga picha gari palepale: namba ya usajili, ubavuni palipoandikwa, hata alama za matairi. Kila gari la barabarani linatakiwa kuwa na bima, angalau ile ya mtu wa tatu, na wewe uliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu. Siku hizi stika ni za kielektroniki. Ukiwa na namba ya gari unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tulihakiki. Bima ilikuwa hai siku ya ajali. Kaka aliposikia ndipo akaelewa kwa nini ile karatasi ilitaja kampuni ya bima. Na mkija kugombana na kampuni ya bima yenyewe, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Tukaandika pia nani anaendesha, nani anamiliki, na dereva alikuwa kwenye kazi ya nani asubuhi ile. Dereva wa kirikuu mwenyewe ni kijana wa kupanga, hana kitu. Kama alikuwa anasambaza mzigo wa bosi wake, wakili atataka kumjua bosi.

Karatasi za hospitali. Hapa ndipo kaka alipotaka tugombane. Akaniambia, "Dada, si unafanya kazi hospitali? Wajue wenzako, litoe faili zima." Nikamwambia siwezi. Nikachungulie faili la mgonjwa ambaye simhudumii, nilitoe kwa mlango wa nyuma, wakati nina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga? Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zaidi ya yote, karatasi iliyotoka kwa mlango wa nyuma itaulizwa imetokaje, na wakili wa upande wa pili ataishikilia hapohapo. Mgonjwa mwenyewe aandike barua, asaini, aombe muhtasari wa matibabu na ripoti ya daktari. Wifi aliandika barua ya mistari mitano kwa mkono wake. Ilichukua siku nne, tukapata karatasi zenye mhuri.

Kaka akajaribu tena. Kwamba nizungumze na daktari aongeze kidogo asilimia ya ulemavu. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi. Nikamjibu kwamba mfupa uliovunjika wa wifi unatosha, hauhitaji kuongezwa chumvi. Upande wa pili unaweza kumpeleka wifi kwa daktari wao akapimwe upya. Ukikutwa na uongo mmoja, na ukweli wako wote unatiliwa shaka.

Vitu vya kuomba hospitali: kadi ya kliniki yenye tarehe zote, karatasi ya ruhusa, maelezo ya upasuaji, na picha za eksirei zenye jina na tarehe. Kama hospitali inatumia picha za kompyuta, omba kwenye CD. Picha uiweke imelala, isikunjwe, isipigwe jua.

Risiti. Mahakama zetu zina msimamo mkali hapa. Hasara unayoweza kuihesabu, yaani dawa, upasuaji, magongo, nauli, unatakiwa uitaje moja moja na uithibitishe. Haikubaliki kusema "kama milioni mbili hivi". Maumivu na usumbufu wa maisha ni fungu lingine, hilo mahakama inakadiria yenyewe.

Tulikaa chini mkekani tukazipanga kwa tarehe. Risiti za hospitali zenye namba ya kumbukumbu ya malipo, risiti za duka la dawa, za magongo. Jumla ikafika milioni moja laki tatu na elfu arobaini. Risiti za karatasi laini zinafutika, nyie mnazijua, kwa hiyo kila moja tuliipiga picha na kuitolea nakala. Nauli ya bajaji kwenda kliniki haina risiti, basi tukaandika kwenye daftari: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, namba ya simu ya dereva. Yule wa bajaji ni mmoja siku zote, akakubali kuwa shahidi.

Kipato. Jamani, hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Mwajiriwa ana hati ya mshahara. Mama wa chapati ana nini? Wifi aliniambia, "Mi sina ushahidi wowote, hela yangu inaingia inatoka." Nikamwambia tuitafute.

Tukakuta ana daftari la unga dukani, kila siku kilo ngapi. Ana kitabu cha VICOBA, hisa kila wiki bila kukosa mpaka wiki ya ajali, baada ya hapo kurasa tupu. Ana ujumbe wa malipo kwenye simu kutoka kwa wateja wa ofisi moja wanaolipa kila Ijumaa. Ana kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha elfu ishirini. Na ana majirani wawili wa biashara pale kituoni wanaojua alikuwa anamaliza saa ngapi. Tukapiga hesabu ya wiki sita kabla ya ajali, tukatoa gharama za unga, mafuta na mkaa, tukapata wastani wa siku. Haukuwa mkubwa. Lakini wifi aliutazama muda mrefu kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nalisha hii nyumba." Kaka akainamisha kichwa. Sikuongeza neno.

Daftari la mguu. Hili nililitaka mimi kama muuguzi. Faili la hospitali litasema "anaendelea vizuri, anatembea na magongo". Ni kweli. Halitasema kwamba hawezi kuchuchumaa chooni, na choo cha kwao ni cha kuchuchumaa. Halitasema kwamba anaswali amekaa kitini. Wala kwamba binti wa darasa la sita ndiye anayechota maji kabla ya kwenda shule, na kwamba usiku wa mvua mguu unavuta mpaka alfajiri. Kila jioni aliandika mistari miwili, hakuna kukuza. Siku ambayo maumivu yalikuwa madogo, aliandika madogo.

Mambo tusiyopenda kusema. Yalikuwa mawili. Kwanza, wifi alishawahi kutibiwa goti la mguu uleule miaka mitatu nyuma. Pili, hakuvukia kwenye kivuko. Kivuko kilikuwa mbele kidogo, naye alikuwa na ndoo nzito, akakatisha. Kaka akasema tusiyataje, nani atajua?

Nikasema goti limo kwenye kadi ya zamani, na mahali alipoangukia pamo kwenye ramani ya trafiki. Watajua. Tofauti ni kama wakili wako atasikia kwako leo, au atasikia mahakamani kwa mpinzani. Anachoambiwa wakili na mteja wake ni siri, kama sisi na wagonjwa. Na sheria yetu inaruhusu makosa kugawanywa: ukionekana ulichangia, fidia inaweza kupunguzwa kwa kiasi chako, si lazima ipotee yote. Wifi akaamua mwenyewe. "Nitasema. Nimegongwa, sijaiba."

Wakili ni nani. Mjue mnayekwenda kumwona. Wodini kwetu huwa wanapita vishoka. Wanavaa vizuri, wanajua jina la mgonjwa kabla hujawaambia, wanaahidi mamilioni ndani ya mwezi mmoja, wanataka PF3 halisi na sahihi yako hapohapo kitandani. Usimpe mtu karatasi halisi. Toa nakala, halisi uonyeshe tu. Wakili wa kweli yumo kwenye orodha ya mawakili, na leseni yake inahuishwa kila mwaka. Unaweza kuhakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ni dakika mbili.

Kama huna uwezo, kuna msaada wa kisheria, na upo kisheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa, TAWLA wanatoa, na wapo wasaidizi wa kisheria mitaani kwetu. Ila usichanganye: Kituo Jumuishi cha Temeke ambacho wengi mnakitaja ni cha mambo ya familia, mirathi na ndoa. Ukiwa umefiwa kwa ajali utapita huko kwa mirathi. Fidia ya mguu siyo huko.

Na kama uliumia kazini, kiwandani au kwenye ujenzi, ukiwa mwajiriwa, njia yako ya kwanza ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mwambie mwajiri mapema na kwa maandishi. Usivushe miezi 12 bila taarifa.

Muda. Madai ya kuumizwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Inasikika kama mingi. Lakini gari likiwa la serikali au la halmashauri, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Na mashahidi wanahama, namba za simu zinabadilika, na lile duka lenye kamera linafuta picha.

Jumamosi ikafika. Wakili alikuwa mama wa makamo, ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimwita wifi "mama" na akamvutia kiti kirefu bila kuambiwa. Wifi aliongea mwenyewe, kaka na mimi tulikaa pembeni. Alisimulia kwa mpangilio wa tarehe, maana tuliuandika ukurasa mmoja. Alitaja kivuko. Alitaja goti. Wakili akaandika, hakushtuka. Kisha akafungua bahasha, akapanga karatasi mezani kwa mafungu yaleyale tuliyoyapanga sisi.

Nasi tulikuwa na maswali yetu matano kwenye daftari. Je, kesi kama hii umeshafanya? Utaanza na barua kwa bima au mahakamani? Gharama zako zinahesabiwaje, na tutapata makubaliano kwa maandishi na risiti? Tukishindwa, tutalipa nini? Nani tutampigia simu kuuliza maendeleo? Alijibu yote. Swali la mwisho lilikuwa la kaka, halikuwemo kwenye daftari: "Tutapata shilingi ngapi?" Akasema, "Baba, nikikutajia namba leo nitakuwa nakudanganya. Ngoja daktari amalize na mguu, ndipo tujue tunadai nini."

Kaka hakufurahi. Mimi nilipumua, maana hiyo ndiyo lugha ya mtu anayejua kazi yake. Hata sisi wodini hatumwambii mtu tarehe ya kutembea kabla ya kuona picha.

Barua ya madai imeshakwenda kwa mwenye gari na kwa bima. Majibu bado. Sijui itaishaje na siwezi kuwaahidi kwamba haki itapatikana haraka. Ninachojua ni kwamba wifi aliyeingia kwenye hii habari akisema hana ushahidi wowote, sasa ana bahasha yenye mafungu saba, nakala ziko kwangu, na halisi ziko kabatini kwake. Na mjomba, aliyesema mahakama zinamaliza watu, jana kanipigia simu. Jirani yake kagongwa na bodaboda kule Kongowe. Anauliza, "Hivi mwanangu, ile bahasha mnaanza na nini?"

Nikamwambia aanze na PF3.

Sehemu ya 8 nitaandika kuhusu mazoezi ya mguu nyumbani baada ya kuwekewa chuma, kwa wale ambao kliniki ya mazoezi iko mbali. Kama una ndugu wodini leo, mtumie hii kabla hajaweka dole gumba popote. Usiku mwema.